Uzamili wa Utetezi wa Jamii: Mafunzo ya Nyanjani Yatazamwe Kwanza

Kuunganisha jamii ni kazi ya kuwakutanisha watu wenye tatizo moja, kuwasaidia walitaje kwa maneno yao wenyewe, wachague viongozi wanaoweza kuwahoji, kisha wakubaliane watadai nini, kwa nani na kwa njia gani. Utetezi ni kulifikisha dai hilo penye uamuzi: bunge la kaunti, wizarani, mahakamani, kwa mhariri wa gazeti au mbele ya wakurugenzi wa kampuni. Kazi hizi mbili hutegemeana, lakini aliye hodari katika moja huenda akawa dhaifu katika nyingine. Anayejua kuongoza mkutano wa wapangaji mia tatu waliokasirika bila mkutano kuvunjika anaweza kushindwa kuandika kurasa nne za hoja ambazo kamati ya bunge itazisoma hadi mwisho. Naye wakili anayejua kila kifungu cha sheria anaweza kuwaacha nyuma wale anaowatetea, hata siku ya hukumu wakawa hawajui wameshinda nini. Shahada ya uzamili katika nyanja hii ina thamani pale inapomkomaza mwanafunzi katika yote mawili, tena akiwa kazini kati ya watu.

Mkazi wa Kileleshwa anayetaka kuisomea kazi hii hana haja ya kuanza kwa kutazama ng'ambo. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko safari fupi ya matatu, upande wa pili wa Arboretum na Ikulu. Magharibi, kwenye Barabara ya Gitanga, iko Kenya Human Rights Commission, ambayo si ile tume ya serikali ya haki za binadamu bali ni shirika la kiraia lililoanzishwa mwaka 1992, wakati mfumo wa vyama vingi ulipokuwa ukirejea. Hapo hapo Lavington wako mawakili wanawake wa FIDA Kenya, walioanza mwaka 1985. Kilimani kuna Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973 kuwapa maskini msaada wa kisheria, na ambacho kimewafunza wasaidizi wengi wa kisheria wanaofanya kazi mitaani mwao. Nyumba nyingi za zamani za vitongoji hivi, zenye bustani pana na lango la chuma, sasa ni ofisi za mashirika. Ukaribu huu una uzito katika uchaguzi wa shahada, kwa kuwa mwanafunzi anayeweza kufika kwa miguu ofisini mwa watu wanaoifanya kazi anayoisomea ana mwalimu wa pili ambaye hayumo kwenye orodha ya karo.

Kileleshwa yenyewe ni mahali pa kujifunzia. Ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kilimani, Kawangware, Gatina na Kabiro. Kileleshwa na Kilimani, nyumba za chini zilizojengwa enzi za ukoloni zimebomolewa moja baada ya nyingine na mahali pake pamesimama majumba ya ghorofa. Wakazi hulalamikia mifereji mikavu, mabomba ya majitaka yaliyolemewa, miti iliyokatwa na barabara zilizoziba. Njia za kudai ziko ndani ya sheria. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango ya matumizi ya ardhi inamtaka mwenye kiwanja anayetaka kubadilisha matumizi yake autangazie umma, na asiyeridhika anaweza kuweka pingamizi na hata kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inafungua mlango wa kutoa maoni kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kabla mradi mkubwa haujapewa leseni.

Kilomita chache kutoka hapo, Gatina na Kawangware, wapangaji wa nyumba za mabati hununua maji kwa mtungi na wengi hawana mkataba wowote wa maandishi na mwenye nyumba. Kileleshwa ina wanasheria, wahandisi na vyama vya wakazi vyenye akaunti za benki, lakini majirani wa ghorofa moja huweza kukaa miaka bila kujuana majina. Gatina ina vyama vya akiba, makanisa yanayojaa na majirani wanaozikana, lakini mhandisi wa kusoma ramani ya bomba ni wa kutafutwa. Mbunge ni mmoja, gavana ni mmoja, na maji ya mfereji yanatoka kwa kampuni moja ya kaunti. Programu inayomfundisha mwanafunzi kwamba "jamii" ni mitaa ya mabanda peke yake imekosa nusu ya somo, maana anayeishi ghorofa ya saba na anayeishi nyumba ya mabati wanaweza kuwa na dai moja, na pindi wakilipeleka pamoja ni vigumu zaidi kulipuuza.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoipa kazi hii sura yake ya leo nchini Kenya. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 37 kinalinda mikutano, maandamano na kuwasilisha malalamiko. Cha 119 kinamruhusu kila mtu kuliandikia Bunge ombi rasmi. Na cha 196 kinayalazimisha mabunge ya kaunti kuwashirikisha watu. Haki hizo huja na kalenda, na kalenda ndiyo mahali ambapo wanaharakati wengi wenye moyo safi huangukia. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kikundi kinachodai zahanati mwezi Juni kimekuta bajeti imeshaandikwa. Mtu anayechunguza programu ya uzamili angeuliza mapema: kuna kozi inayofundisha kusoma bajeti ya kaunti, mstari kwa mstari? Isipokuwepo, hilo ni pengo kubwa, hata kama orodha ya vitabu vya nadharia ni ndefu na ya kuvutia.

Kabla vyuo vikuu havijaanza kutoa shahada za namna hii, Kenya ilikuwa na shule nyingine za kazi hii. Jeanes School iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 iliwafunza walimu waliotembelea vijiji, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikageuka kuwa kitovu cha mafunzo ya maendeleo ya jamii. Pale pale baadaye pakawa Kenya Institute of Administration, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Lengo la wakoloni lilikuwa jamii tulivu inayojisaidia bila kudai madaraka, na hilo lisisahaulike: mbinu za kuunganisha watu zinaweza kutumika kuwatuliza kama zinavyoweza kutumika kuwaamsha. Maendeleo ya Wanawake iliyoundwa mwaka 1952 ilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Katika miaka ya 1970 ukaja mkondo tofauti kabisa. Anne Hope na Sally Timmel, wakifanya kazi na majimbo ya Kanisa Katoliki nchini Kenya, walianzisha mafunzo ya DELTA yaliyochota fikra za Mbrazil Paulo Freire: watu wachambue hali yao wenyewe, watafute mizizi yake, kisha watende. Mwongozo uliotokana na kazi hiyo, ulioanza kuchapishwa mwaka 1984, umesambaa mbali na Kenya na bado unatumika. Wangari Maathai naye, kwa Green Belt Movement iliyoanza mwaka 1977, alionyesha jinsi vikundi vya wanawake vya kupanda miche vinavyoweza kugeuka kuwa nguvu ya kuzuia jengo refu kupandishwa Uhuru Park mwaka 1989 na kuokoa msitu wa Karura muongo mmoja baadaye.

Shule iliyotoa matunda mengi zaidi Nairobi, hata hivyo, ni ya wakazi wa mitaa ya mabanda. Baada ya ubomoaji wa Muoroto na Kibagare mwaka 1990, na mwingine uliofuata, wakazi wa mitaa mbalimbali waliunda Muungano wa Wanavijiji mwaka 1996. Msingi wake ni vikundi vya akiba: watu huweka shilingi chache pamoja, huhesabu nyumba zao wenyewe, huchora ramani zao wenyewe, ndipo huenda kuzungumza na serikali. Mwezi Agosti 2017 njia hiyo ilizaa tukio ambalo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kulisoma kwa kina. Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na miaka ya utafiti wa pamoja kati ya Muungano, mashirika ya SDI Kenya na Akiba Mashinani, Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Utafiti ulionyesha kwamba wakazi wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko watu wa mitaa ya kitajiri, na kwa huduma duni zaidi. Takwimu hizo ziliwafanya maafisa wasikilize.

Kilichofuata ni uunganishaji wa jamii kwa kiwango ambacho ni nadra kuonekana popote. Kaya zipatazo 100,000 zilipangwa kumi kumi, na makumi yakaungana kuwa makundi makubwa zaidi, ili kila nyumba iwe na njia ya kusikika katika mpango wa barabara, maji, afya na makazi. Wahandisi, wanasheria na wapangaji miji walikaa katika vikundi vya kitaalamu, kila kimoja na sekta yake, na mapendekezo yao yakarudishwa kwa wakazi yajadiliwe. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Mukuru kwa Njenga. Darasa linaloifundisha Mukuru kama hadithi ya ushindi tu, au kama hadithi ya kushindwa tu, halijaielewa. Mpango mzuri ulioandikwa na wananchi haukuwa ngao ya kutosha mbele ya maslahi ya ardhi, ingawa bila mpango huo wakazi wasingekuwa na pa kuanzia kudai walichopoteza. Kuyabeba mambo hayo mawili kwa wakati mmoja kunahitaji mwalimu aliyekuwapo.

Pwani inatoa mfano wa upande wa utetezi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, alianza kuwaunganisha majirani mwaka 2009. Zilipita barua, maandamano, kukamatwa, vipimo vya damu, kamati ya Seneti na kufungwa kwa kiwanda. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ni miaka 15 ya kuhakikisha kijiji hakikati tamaa, ushahidi haupotei na mashahidi wako salama. Lamu, muungano wa Save Lamu ulipinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe hadi Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilipofuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwanafunzi anayepima programu anaweza kuitumia mifano hii kama kipimo: je, baada ya miaka miwili ya masomo atajua namna ya kutunza rejista ya waathiriwa, kumtafuta mtaalamu wa kupima damu, kuandika hati ya kiapo pamoja na wakili, na kumweleza bibi wa miaka sabini kwa nini kesi imeahirishwa tena?

Tatizo la kwanza la mwombaji ni jina. Shule za ustawi wa jamii za Marekani zina michepuo iliyoandikwa wazi kuwa ni ya kuunganisha jamii. Hunter College ya New York ni mfano unaojulikana, katika nchi ambayo Saul Alinsky aliijengea kazi hii sifa Chicago tangu mwaka 1939, na ambako Barack Obama aliifanya kati ya 1985 na 1988. Kwenye orodha za vyuo vya Kenya jina hilo ni nadra, na somo lenyewe limetawanyika katika idara mbalimbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa sosholojia ya vijijini na maendeleo ya jamii katika idara ya sosholojia, uzamili wa haki za binadamu upande wa falsafa, na uzamili wa masomo ya maendeleo katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo iliyoanzishwa mwaka 1965. Kenyatta ina uzamili wa jinsia na maendeleo. Tangaza, Lang'ata, iliyopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2024, ina historia ndefu ya kufundisha mageuzi ya kijamii, iliyoanza na taasisi yake ya huduma za kijamii mwaka 1994. Hekima, chuo cha Wajesuiti karibu na Barabara ya Ngong, kina taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa tangu 2004.

Nje ya mipaka, Makerere ina kituo cha haki za binadamu na amani kilichoanzishwa mwaka 1993 ndani ya shule ya sheria, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha uzamili wa ustawi wa jamii kwa watu wasioweza kuacha kazi. Pretoria ina uzamili wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, ambao wanafunzi wake husoma muhula wa kwanza Afrika Kusini, kisha hutawanywa kwenye vyuo washirika barani. Kwa anayetaka Ulaya, Taasisi ya Masomo ya Maendeleo iliyoko Sussex ina uzamili unaohusu madaraka, ushiriki na mabadiliko ya kijamii, Goldsmiths ya London inafundisha kazi ya jamii na vijana pamoja na anthropolojia, na ISS, taasisi ya masomo ya kijamii ya The Hague iliyoanzishwa mwaka 1952, imewasomesha Waafrika wengi.

Majina hayo yote hayasemi mengi hadi mwombaji aulize kuhusu mafunzo ya nyanjani. Hapa ndipo programu nzuri na dhaifu hutengana. Nchini Marekani baraza linaloidhinisha shule za ustawi wa jamii linadai mwanafunzi wa uzamili afanye angalau saa 900 za kazi ya nyanjani chini ya usimamizi. Katika programu za maendeleo za Afrika Mashariki, mara nyingi kinachoitwa kazi ya nyanjani ni ukusanyaji wa data za tasnifu: mwanafunzi huenda mtaani na dodoso, huuliza maswali, huondoka. Kuhoji watu na kuwaunganisha ni mambo mawili tofauti, na shahada inayoyachanganya itamtoa mtafiti mzuri asiyejua kuitisha mkutano. Maswali ya kuuliza ofisi ya idara ni ya kawaida kabisa. Mwanafunzi hupelekwa wapi, na kwa saa ngapi? Kuna makubaliano ya maandishi na shirika linalompokea, au hujitafutia mwenyewe? Nani humtembelea akiwa huko, mara ngapi, na ripoti ya mtu huyo ina alama ngapi katika matokeo? Je, anaweza kuwekwa katika kikundi cha wakazi chenyewe, badala ya ofisi ya shirika? Jibu la kusitasita katika swali la pili na la tatu ni dalili ya kutosha.

Baada ya hapo watazamwe walimu. Wasifu wa wahadhiri hueleza wameandika nini. Kinachofaa kujulikana zaidi ni kama yupo miongoni mwao aliyewahi kukaa katika bodi ya chama cha wakazi, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge au kufanya kazi na kituo cha haki cha mtaani kama kile cha Mathare. Njia ya uhakika ya kulijua hilo ni kuzungumza na wahitimu wawili watatu, na mitaa ya Kileleshwa, Lavington na Kilimani ina wengi wao maofisini. Wao pia ndio wanaojua kama masomo ya jioni huwapo kweli au hufutwa, na kama mhadhiri aliyetajwa kwenye kijitabu cha chuo bado anafundisha.

Kuhusu maudhui ya kozi, mizani inafaa iwe kati ya mambo manne: nadharia ya madaraka na historia ya harakati; utafiti, ukiwemo wa takwimu, kwa sababu hoja ya Mukuru ilisimama juu ya hesabu; sheria na bajeti; na uendeshaji wa shirika. Hili la mwisho limekuwa la lazima. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kungojwa zaidi ya muongo mzima, na ikabadilisha namna mashirika yanavyosajiliwa na kuwajibika. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada na kisha ikaifunga USAID, na mashirika mengi ya Nairobi yakawaachisha watu kazi. Programu ambayo bado inafundisha uandishi wa maombi ya ufadhili kama njia pekee ya kuendesha kazi ya jamii inawaandaa wanafunzi kwa dunia iliyopita. Michango ya wanachama, ambayo Muungano imeijenga tangu mwanzo, inastahili kozi yake.

Matukio ya Juni 2024 nayo hayawezi kukosekana darasani. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa video fupi, wakajipanga bila viongozi waliojulikana, na siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25 rais akatangaza kwamba hatausaini. Watu waliuawa. Namna harakati zisizo na kiongozi zinavyofanya uamuzi, zinavyojilinda na zinavyodumu baada ya siku ya maandamano ni swali ambalo vitabu vya zamani havikulijibu. Chuo kinachoona haya kulizungumza, au kinachoogopa, hakimfai mwanafunzi wa fani hii.

Mambo ya utaratibu hayahitaji maneno mengi. Programu iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Tume hutoa orodha ya programu zilizoidhinishwa. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza yenye daraja la pili la juu, au la chini likiambatana na uzoefu wa kazi. Bodi ya HELB ina mikopo ya uzamili. Shirika la Ujerumani la DAAD, lenye ofisi Nairobi, hufadhili masomo ndani ya kanda, na Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa kusoma ukiwa nyumbani. Chevening ya Uingereza hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na ahadi ya kurudi nchini kwa angalau miaka miwili.

Kwenda ng'ambo kuna faida yake: maktaba kubwa, wanafunzi kutoka nchi nyingi, na nafasi ya kuitazama Nairobi kwa mbali. Hasara yake haizungumzwi sana. Uzamili wa Uingereza ni wa mwaka mmoja, na mwaka huo mwanafunzi yuko mbali na watu anaotaka kuwatumikia. Akirudi, viongozi wa mtaa wamebadilika, mwakilishi wadi amebadilika, na mtandao wa kuaminiana uliomchukua miaka kuujenga umelegea. Kwa aliye na miaka mingi ya kazi mtaani, safari hiyo humpa pumzi na fikra mpya. Kwa ambaye hajawahi kuunganisha hata chama cha wakazi wa jengo lake, miaka miwili ya jioni Nairobi, mchana akiwa kazini, itamfaa zaidi.

Wapo pia wasiohitaji shahada hii. Kiongozi wa kikundi anayetaka ujuzi mahususi atanufaika haraka zaidi na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua, au na kozi za uongozi za Coady, taasisi ya Canada iliyoanzishwa mwaka 1959 juu ya msingi wa vyama vya ushirika vya wavuvi na wakulima. Shahada inamfaa anayelenga kufundisha, kuandika sera, kuongoza shirika au kubeba kesi na kampeni za miaka mingi.

Jambo la mwisho la kukagua kabla ya kulipa karo ni njia ya kumalizia masomo. Wanafunzi wengi wa uzamili nchini humaliza kozi kisha hukwama kwenye tasnifu kwa miaka. Idara iulizwe ina wasimamizi wangapi wa mada hii, kila mmoja ana wanafunzi wangapi, na kama kuna nafasi ya kuandika mradi wa vitendo, kwa mfano kampeni iliyofanywa pamoja na wakazi na kuchambuliwa, badala ya tasnifu ya kawaida. Utafiti utahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na leseni hiyo humtaka mtafiti awasilishe nakala ya ripoti yake kwa tume hiyo. Wakazi waliojibu maswali hawatajwi katika sharti hilo. Baadhi ya wasimamizi huziba pengo hilo wenyewe: hawapitishi pendekezo la utafiti hadi mwanafunzi aonyeshe tarehe, mahali na lugha atakayotumia kuwasomea wakazi wa Gatina au wa Kileleshwa alichokipata kwao, na bajeti ya kuchapisha muhtasari wake kwa Kiswahili.